Kibao cha Mwalimu Athanasi

Mei 4, Nkoma

Tumefika saa kumi jioni, mimi na binti yangu Precious, vumbi hadi kwenye kope. Baba amelazwa chumba cha mbele. Upande mmoja wa uso umelegea na mkono wa kulia hauna kazi tena. Kiharusi kilimpata mwezi uliopita akiwa shambani anang'oa magugu kwenye pamba, na Method, kaka yangu aliyeko Dar, akaamua kwa simu kwamba mimi ndiye wa kuja. Mimi nina likizo bila malipo, yeye ana vikao.

Baba alinitazama akanijua. Hilo sina shaka nalo, maana alilia. Kisha akaanza kuongea, na sikuelewa hata neno moja. Nikadhani ulimi umekufa ganzi, nikamwambia polepole, baba, pumzika. Shangazi Milembe, dada yake, alikuwa amesimama mlangoni na kikapu. Akacheka kicheko kibaya.

"Anaongea vizuri tu," akasema. "Ni Kisukuma hicho."

Baba yangu ni Mwalimu Athanasi Mahona, mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na sita. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia akitamka Kisukuma mbele ya watoto wake. Na mimi binti yake, mwalimu wa Kiswahili huko Dodoma, nimesimama pale kama mgeni aliyeshushwa na basi kituo kisicho chake.

Mei 5

Kiswahili kimemtoka chote. Nimemjaribu kwa majina ya watu, nyimbo za shule, hata Baba Yetu. Nikisema taratibu anaelewa kidogo. Kujibu hawezi, anafungua mdomo na kinachotoka ni Kisukuma.

Mei 9

Leo tumempeleka Bariadi hospitali. Aliyetuona kwa mazoezi ya kuongea ni kijana mmoja kutoka Moshi anaitwa Tumsifu, mpole, kalamu tatu mfukoni. Nilimwambia wazi kwamba nataka Kiswahili cha baba kirudi.

"Mama, siwezi kukuahidi," akasema. "Mzee alizaliwa na lugha moja, ya pili akaipata shuleni. Kiharusi kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako lugha hukaa kwa watu wengi. Wengine hurudi na zote. Wengine hubaki na ile ya utotoni. Nimewahi kuona mtu aliyebaki na ya ukubwani, ya nyumbani ikapotea. Kwa nini hasa, hata wakubwa zangu hawakubaliani."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Jifunze ya kwake."

Nikamwambia nina miaka arobaini na nne. Akasema mtu mzima si kwamba hawezi, anaweza sana, ila njia yake ni nyingine. Mtoto anaokota lugha akiwa anacheza, mtu mzima anaisoma kwa jasho na anaona haya. Maneno nitayapata. Matamshi ndiyo huwa yanagoma. Kisha akaniuliza kama niliwahi kuisikia nikiwa mdogo.

"Hadi miaka sita. Baada ya hapo ilipigwa marufuku."

"Basi sauti huenda zipo bado," akasema. "Maneno yanaweza kuwa yamekwenda, lakini sikio huwa linatunza."

Alisema kwa furaha, kama mtu anayekupa zawadi. Mimi nilisikia uchungu tu. Nani alimwambia sikio langu litunze?

Mei 13

Mvua imenyesha bila kuitwa. Pamba iliyofunguka imelowa na kuchafuka. Shangazi amenuna siku nzima, na mimi nimenuna kwa sababu zangu.

Mei 17

Nina daftari. Nimeligawa kama ninavyowafundisha wanafunzi: salamu, mwili, chakula, nyumba. Maji ni *minzi*. Hapana ni *yaya*. Asubuhi nimemwamkia baba *mwangaluka*, akaitikia, machozi yakamlenga. Baada ya hapo akaendelea na sentensi ndefu, nami nikabaki nimekodoa macho.

Nilimwomba shangazi awe ananitafsiria. Alikuwa anachambua pamba, nyeupe huku, ile chafu wanayoiita fafi kule. Hakuinua kichwa.

"Mimi si karani wa kesi yenu," akasema. "Halafu nikiingia mimi ananyamaza. Hujaona?"

Nimeona. Shangazi akiingia tu, baba anageukia ukutani. Kuna jambo anataka kuniambia mimi, na hataki dada yake alisikie. Kila asubuhi ananishika mkono kwa ule mkono mzima, anaanza, ananitazama usoni, anaona sielewi, anaacha. Nataka kulisikia jambo hilo kabla hajafa. Sitaki kingine hapa Nkoma.

Mei 26

Jambo moja limenishangaza. Nilimsomea shangazi maneno yangu ya wiki, akaacha kuchambua.

"Unatamka kama mama," akasema. Alimaanisha mama yao, bibi yangu. "Maneno huna, lakini sauti ni yake kabisa."

Halafu akakasirika, akanifukuza nikalete turubai lingine. Kumbe Tumsifu alisema kweli. Miaka thelathini na minane, na sauti ya bibi imekaa humo ndani ikingoja, haina la kusema.

Precious naye. Ana miaka sita, darasa la kwanza ataanza Januari. Tangu tumefika anashinda shambani na watoto wa wachumaji. Leo nimemsikia anagombania kikapu na mwenzake kwa Kisukuma. Mwenzake akajibu, naye akajibu tena. Hana daftari.

Juni 2

Pamba imejaa chumba cha baba hadi usawa wa dirisha. Nyumba nzima inanuka pamba na dawa ya kuchua. Nimejifunza viungo vya mwili. Jioni nimevisahau nusu.

Juni 6

Nimekipata kile kibao. Kilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya vyeti vyake, kimefungwa kwenye gazeti kama kitu cha thamani.

Niandike, ili siku Method akisema natia chumvi nimsomee.

Ni kipande cha mbao cha ukubwa wa daftari, kina kamba ya katani, na maandishi yaliyochomwa kwa msumari wa moto: SIJASTAARABIKA. Baba alikichonga mwenyewe. Shuleni mtoto akikutwa anaongea Kisukuma alivishwa kama hiki shingoni, naye alipaswa kumvizia mwenzake ateleze ulimi ili amvishe. Aliyekutwa nacho kengele ya mwisho alichapwa. Watoto walijifunza kuchunguzana kuliko kusoma. Walifaulu pia, nisiwe mwongo. Shule yake ilikuwa ya kwanza wilayani mara nne.

Lakini yeye alikuwa na kingine cha nyumbani, na ndicho hiki. Kilining'inia kwenye msumari jikoni. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka mitatu, bibi akatulea. Bibi hakujua Kiswahili. Siku moja alinipa michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa, nikasema *wabeja*, asante, kama alivyonifundisha. Baba alikuwa mlangoni. Akakitoa kibao msumarini, akanivika, akasema, "Humu ndani Kiswahili tu." Kisha akamgeukia mama yake mzazi akamwambia asizungumze tena na watoto wake, atawaharibu vichwa, kichwa cha mtoto hakibebi lugha mbili. Alimwambia kwa Kiswahili. Ilibidi Shangazi Milembe amtafsirie mama yake kwamba amenyamazishwa.

Bibi akanyamaza. Aliishi miaka tisa zaidi kwenye boma hili hili, akatupikia, akatuogesha, akatufuta kamasi, bila neno. Alikuwa anaonyesha kwa kidole. Mimi nilikua nikiamini kwamba hanipendi.

Mwaka ule ule akaja mkaguzi wa elimu. Akaniamkia kwa Kisukuma, kunipima. Nikasimama wima, mikono nyuma, nikasema, "Mimi sijui Kisukuma." Baba alinipa soda nzima peke yangu. Nilikuwa najua. Siku ile bado nilikuwa najua.

Kibao nimekirudisha sandukuni. Nilipita mbele ya baba nacho mkononi, akakiona. Alifumba macho.

Juni 10

Precious anamwita *guku*, babu. Anakaa kitandani kwake na kumlisha uji. Wanaongea. Naandika neno hilo na linanichoma: wanaongea.

Juni 14

Leo nimefanya kitu, na nitakiandika kama kilivyokuwa.

Nilirudi kutoka shambani mchana, mgongo unaniuma, mikono imechanwa na vikonyo vya pamba. Nikasikia kicheko. Cha baba! Sijamsikia baba akicheka hivyo tangu nizaliwe. Nikasimama mlangoni. Precious alikuwa amejitupa kwenye lundo la pamba, anacheka hadi anashika tumbo, na baba anacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo unaofanya kazi.

"Mnacheka nini?"

"Haichekeshi kwa Kiswahili, mama."

"Niambie."

Akajaribu. Kuna fisi, kuna mtu aliyebeba mchicha, akakwama. Halafu, ili anifurahishe, akasema, "Guku anasema wewe unaongea Kisukuma kama redio iliyoishiwa betri."

Mwezi mzima nimekaa na daftari hadi macho yananiuma. Nimejifunza kichwa, bega, goti. Na huyu tayari anaelewa kichekesho cha fisi. Nikamwinua kwa mkono kutoka kwenye pamba.

"Kuanzia leo," nikasema, "humu ndani Kiswahili tu."

Nilisikia maneno yakitoka na nikayajua yametoka wapi, na sikuyarudisha. Nilijitetea palepale: Januari anaanza shule, atachanganyikiwa. Mimi, mwalimu, ninayejua kabisa hakuna mtoto aliyewahi kuchanganyikiwa kwa hilo. Nusu ya darasa langu wana lugha mbili na wengine tatu. Nilikuwa na wivu tu.

Baba hakuwa anacheka tena.

Juni 15

Precious amekaa nje siku nzima.

Juni 16

Baba anatazama mlango.

Juni 18

Amekataa uji wangu. Nilimwambia kwa Kisukuma "kula". Nadhani nililisema vizuri.

Juni 22

Shangazi Milembe amenisubiri nimalize kufunga marobota ndipo akanijia. Mkononi ana kile kibao. Sijui alikitoa sandukuni saa ngapi.

"Shika," akasema.

"Cha nini, shangazi?"

"Mvishe mtoto. Si umeshamvisha? Sasa mvishe na mbao, wenzake waione."

Nikamwambia haelewi. Akaketi juu ya robota, mama wa miaka sabini na tatu, akaanza kunisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama jembe.

"Mimi naelewa. Mimi sikusoma, lakini mama yangu alikufa mkono wake uko kwangu. Siku ya kufa aliongea sana, sana. Wajukuu mmesimama pale, watano, na viatu vya shule, mnamtazama tu kama ng'ombe. Alikuwa anawaaga ninyi, Justina. Mimi nikasema niwatafsirie, huyu kaka yangu akanikata jicho. Nikaogopa. Nikanyamaza na mimi."

Akasimama, akajipangusa pamba.

"Kaka yangu alifanya hivyo akiamini anawasaidia. Wewe umefanya ukijua."

Hakukosea.

Juni 24

Nimemwita Precious nikamwambia ruhusa imerudi, aongee na guku lugha yoyote anayotaka. Nimempiga busu, nimemwomba na msamaha. Akaitikia, "Sawa, mama."

Akaenda kwa babu yake, akakaa kitandani. Baba akamwambia kitu kwa uchangamfu wote aliobaki nao. Mtoto akafungua mdomo, akageuka akanitazama mimi usoni, akafunga mdomo. Akamshika babu mkono.

Nilitoka chumbani ili nisiwepo. Nikasikiliza nyuma ya ukuta. Kimya.

Juni 30

Nimempigia Tumsifu. Nimemweleza yote, nikamuuliza kama mtoto anaweza kusahau kwa siku kumi. Akasema kwa umri ule lugha inaingia upesi na isipotumiwa inatoka upesi pia, lakini si siku kumi. "Hajasahau," akasema. "Anaogopa. Mtoto akishaona aibu kwenye lugha anajifungia. Mpe muda."

Nikamuuliza baba ana muda gani. Akaniambia nimlete apimwe tena. Sikumpeleka, barabara ingemuua.

Julai 8

Baba amedhoofika. Upepo wa kipupwe unaingia kila upenyo na pamba inapeperuka chumbani.

Nimemlazimisha shangazi anipe sentensi moja. Nilitaka kuuliza: kwa nini ulimnyamazisha bibi, na kwa nini ulininyamazisha mimi? Alinifundisha akiwa amenipa mgongo. Nimeirudia siku tatu, jikoni, kisimani, chooni. Naijua sasa kuliko jina langu.

Julai 13

Shangazi alikuwa amekwenda chama cha msingi cha ushirika kupima pamba. Precious nilimwacha uani. Nikafunga mlango, nikakaa kitandani kwa baba, nikamshika ule mkono mzima, nikasema sentensi yangu.

Niliisema yote bila kukosea. Uso wake ulibadilika. Ilikuwa sauti ya mama yake ikimuuliza, bila shaka ndivyo alivyoisikia. Akanitazama muda mrefu, kisha akaanza.

Aliongea kwa karibu saa nzima. Hakuna siku baba yangu aliongea nami saa nzima maishani mwake. Alilia, akapumzika, akaendelea. Aliinua mkono akaonyesha mlango, akaonyesha shingo yake mwenyewe, akaonyesha urefu wa mtoto mdogo. Neno "kibao" alilisema kwa Kiswahili, mara kadhaa, hilo tu. Mimi nilishika mama, mvua, mlango, michembe, kichwa, mtu mmoja anaitwa Padri. Majina ya vitu niliyashika. Nani alimfanya nani nini, hapo ndipo yaliponipita, mbio, moja juu ya jingine. Kuna mtoto aliyevuliwa au aliyevishwa. Kuna mtu aliomba msamaha au alikataa kuombwa. Kama mtoto yule alikuwa mimi au yeye mwenyewe, sijui.

Precious alikuwa uani. Ningeita mara moja angekuja. Niliwaza hilo, tena zaidi ya mara moja. Nikajiambia si mambo ya kusikiwa na mtoto. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka iwe yangu. Nilikuwa nimeitolea jasho, nami sikutaka kuipokea kutoka kwenye mdomo wa mtoto wa miaka sita aliyeipata bure.

Mwishoni aliniuliza swali. Nilijua ni swali kwa jinsi sauti ilivyopanda. Akangoja, macho kwenye macho yangu. Akarudia tena, taratibu, kama mwalimu anavyomrudia mwanafunzi mzito.

Nikasema, "Ee." Ndiyo.

Akaniachia mkono. Akageukia ukutani.

Sijui nimekubali nini.

Julai 14

Haongei.

Julai 16

Baba amefariki saa tatu asubuhi. Shangazi ndiye aliyemfumba macho.

Julai 19

Tumemzika. Method alikuja na suti, akasoma wasifu kwa Kiswahili kizuri sana. Wanafunzi wake wa zamani walijaa, wengine wazee tayari. Mmoja alisema mbele ya kaburi kwamba bila kile kibao asingekuwa mhasibu. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Julai 25, Bariadi stendi

Tunasubiri basi la Dodoma. Asubuhi, wakati namuaga shangazi, nilimweleza kwa mara ya kwanza juu ya ile saa nzima. Sikumficha kitu. Nilitegemea anitukane. Akakaa chini tu.

"Kwa nini hukumuuliza mtoto?"

"Alikuwa uani."

"Uani wapi? Mimi nilimwachia kikapu cha fafi achambue, chini ya dirisha la kaka. Narudi kutoka kupima, yuko pale pale, kikapu hajakigusa. Analia."

Hapa stendi nimemnunulia Precious soda, nimemkalisha kwenye begi, nimechuchumaa mbele yake ili tuwe sawa. Nikamwambia sitakasirika. Nikamwambia mama anakuomba.

"Siku ile guku alipoongea sana, wewe ukiwa dirishani. Alisema nini, mwanangu? Aliniuliza nini?"

Precious alinitazama usoni, kwa makini, kama anasoma. Halafu akashuka kwenye begi, akasimama wima, mikono nyuma na soda yake humo.

"Mimi sijui Kisukuma," akasema.

Nikabaki nimechuchumaa. Soda ilikuwa bado haijafunguliwa. Baadaye kidogo akainyoosha kwangu, nikamfungulia.